Kifungu cha Kumi na Nane

Gesti ya tatu kuwakatalia ilikuwa na mapazia ya rangi ya waridi na kiyoyozi kinachonguruma, na walipotoka pale Riffat alikuwa ameshawachukia watu wote wa Lahore, mmoja mmoja na kwa ujumla wao. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, bibi wa wajukuu wanne, magoti yanamuuma, halafu vijana wasio na ndevu za kutosha kunyolewa wanamtazama juu mpaka chini kana kwamba yule mzee aliyesimama kando yake amemwokota kituo cha basi.

Kosa lilikuwa kwenye kitambulisho. Chake kilisema Riffat binti Rab Nawaz. Cha mumewe kilisema Manzoor mwana wa Khuda Bakhsh. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba huyu ni mke wa yule, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja Manzoor hakuwahi kupata siku moja ya kumpeleka mkewe ofisini akabadilishiwe kadi. Kila mwaka alisema watakwenda baada ya mavuno ya ngano, na ngano ikavunwa, ikaliwa, ikapandwa tena. Nyumbani kwao Layyah jambo hilo halikumsumbua mtu, maana mtaa mzima unajua nani analala wapi. Lahore ni habari nyingine. Polisi hupita kwenye gesti kukagua, na mwenye gesti akikutwa amewapa chumba mwanamume na mwanamke wasio na cheti cha ndoa, anafungiwa biashara. Sasa ni babu na bibi gani hao wanaosafiri na cheti cha ndoa mfukoni?

Dereva wa bajaji aliyekuwa akiwazungusha, bwana mmoja mnene aitwaye Boota, alikuwa ameshageuka mshauri wa familia. Kila walipotoka mikono mitupu alizima sigara, akafuta kiti cha nyuma kwa kitambaa, akawapa pole. Mara ya tatu hakujizuia. "Mzee wangu, kama ndoa hamna semeni tu," alimwambia Manzoor. "Nina mjomba wangu shehe, hapo nyuma ya soko la mboga. Dakika kumi mmeshaoana, na biriani tunakula."

Manzoor alimwambia aangalie barabara. Riffat alijifunika mdomo kwa mtandio akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Pamoja na joto la Juni na magoti na vijana wale, bado alikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyeisubiri safari tangu akiwa bibi harusi. Wiki ya kwanza ya ndoa Manzoor alimwahidi kumwonyesha Lahore. Leo, akiwa amestaafu ukarani wa idara ya mifereji, amemleta. Basi liliwashusha alfajiri, wakala nihari, mchuzi mzito wa nyama, kwenye kibanda chenye benchi za mbao, na Manzoor akauchukua ule mfupa wenye uboho, kitu ambacho wanaume hugombania, akautia kwenye sahani ya mkewe bila kuombwa. Kisha wakauona msikiti mkubwa, wakatembea juu ya mawe ya moto wakiwa wameshika viatu mkononi, yeye na mumewe wakirukaruka kama kuku. Alichotaka sasa ni chumba, siku mbili zaidi za hayo hayo, basi.

Tusimsafishe Manzoor lakini. Huyu anayegawa uboho leo si yule aliyemwoa. Yule wa zamani alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mchafu, na katika mwaka wa nne wa ndoa alimvunja mkewe mkono kwa mguu wa kitanda, kisa chumvi imezidi kwenye dengu. Riffat alimbeba mwanawe Naveed kwa mkono uliobaki, akapanda basi mpaka Bhakkar kwa kaka yake Sarfraz. Baba yao alikuwa ameshafariki. Alikaa kwa kaka yake siku arobaini. Alimwambia anataka kuachika, hata kama atafua nguo za watu maisha yake yote. Sarfraz alishika kichwa, akamwambia talaka iko mdomoni mwa mwanamume. Manzoor asipotaka kuisema, hakuna wa kuisema badala yake. Wazee walikuja na sanduku la peremende, Manzoor akaomba radhi mbele yao, na siku ya kumrudisha, Sarfraz alilia kituoni mpaka Riffat ndiye akamfuta machozi.

Kwa hiyo alirudi. Hakukuwa na njia, na kwa kuwa hakukuwa na njia aliacha kuitafuta. Hilo ndilo lililompa amani yake yote, kama ile ni amani. Kila alipokumbuka miaka ile mibaya alijiambia, ningefanya nini, na jibu lilikuwa hakuna, na moyo ukatulia. Miaka ikapita, sukari ikamwingia Manzoor mwilini na upole ukamwingia rohoni. Akaanza kumenya machungwa na kumpa mkewe nusu. Riffat akamsamehe, kidogo kidogo, pengine asijue ni lini hasa. Na kaka yake alimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Kila majira ya baridi alimpelekea mboga ya haradali aliyoipika mwenyewe, na kila alipoinua mikono kuomba dua jina la Sarfraz lilitangulia la watoto wake.

Gesti ya nne ilikuwa karibu na stesheni ya reli, juu ya duka la masanduku. Karani wa mapokezi aliitwa Tufail, mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyu hakumtazama Riffat juu mpaka chini. Alimvutia kiti chini ya feni, akaagiza maji ya baridi, akasoma vile vitambulisho viwili, akacheka kwa upole. Alisema yeye binafsi anaona wazi kwamba hawa ni mtu na mkewe, maana wapenzi hawanuniani namna hii, lakini polisi hawakubali kuona kwa macho. Akauliza kama nyumbani kuna mtu anayeweza kukipiga picha cheti na kukituma kwenye simu.

Ikawa kama mtu amefungua dirisha. Tangu adhuhuri wanazunguka na hakuna aliyewaza jambo jepesi kama hilo. Riffat alimpigia mkwewe Sidra, mke wa Naveed. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku la bati la Manzoor, pamoja na hati za shamba na barua za kazini, na Manzoor akaelekeza kwa sauti kubwa ufunguo ulipo, nyuma ya saa ya ukutani. Wakamsikia Sidra akiburuta kiti, akipiga chafya kwa vumbi, akiwafukuza watoto. Baada ya dakika chache picha nne zikaingia kwenye simu ya Riffat. Hakuwahi kukiona cheti kile tangu siku ya harusi, na hata siku ile alikuwa amefunikwa shela jekundu, akasaini pale alipoonyeshwa kidole. Hakuzitazama picha. Alimpa karani simu, akaanza kunywa maji yake.

Tufail alikuza picha kwa vidole viwili, akasoma haraka haraka huku midomo ikimchezacheza. Kisha midomo ikasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena sehemu moja.

"Mama, baba yako alikuwa mwanasheria?" aliuliza.

Riffat alimwambia baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, watoto wadogo, kuandika na kuhesabu.

"Basi alikuwa mwalimu wa kweli. Mimi kabla ya kazi hii niliandika vyeti vya ndoa miaka saba, chini ya msajili. Hiki kifungu cha kumi na nane tulikuwa tunakipiga mstari wa kukifuta kabla hata watu hawajakaa. Hakuna aliyetuuliza. Hiki chako hakina mstari. Kimejazwa."

Manzoor, ambaye alishaanza kuinua mabegi, alimwambia kwamba wao wanataka chumba, habari za mistari wataongea kesho. Lakini Riffat alikuwa ameshatua bilauri. Aliuliza kifungu hicho kinasema nini.

Karani alimtazama yeye, akamtazama Manzoor, na ukaona kabisa kwamba angetamani kuyarudisha maneno yake mdomoni. Lakini alikuwa ameulizwa na mwanamke wa umri wa dada yake mkubwa, kwa hiyo alijibu. "Kinauliza kama mume amempa mke haki ya kutoa talaka mwenyewe. Hapa pameandikwa: ndiyo, bila masharti."

Riffat hakuelewa mara moja. Alisikia kila neno, na kila neno alilijua, lakini yalikataa kukaa pamoja. Aliomba simu. Ilimbidi aishike kwa mikono miwili. Palikuwa na mistari mingi iliyochapwa, na katikati yake, kwa wino wa bluu uliofifia, maneno machache yaliyoandikwa kwa mkono, herufi zimelala vizuri, kila nukta mahali pake. Mwandiko ule angeujua hata gizani. Ndio uliomfundisha kusoma, kwenye kibao cha mbao, kabla hajaota meno ya ukubwani. Baba yake hakumwachia shehe ajaze. Alikaa akajaza mwenyewe.

Joto lote lile la Lahore na vidole vyake vya miguu vilikuwa baridi kama ametoka kutembea kwenye mfereji wa Januari.

"Maana yake nini?" alisikia mumewe akiuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye kweli hajui. "Mimi sikumpa mtu kitu."

"Umesaini, mzee," Tufail alimwambia. "Jina lako hili hapa chini."

Manzoor alisema alisaini pale shehe alipoweka kidole. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kichwani ana kilemba kizito na maua yanamfunika macho, nani anasoma siku hiyo. Alikuwa anasema kweli, na Riffat aliona kwamba anasema kweli, na hilo halikumsaidia. Maana macho yake yalikuwa yameshashuka chini ya ukurasa, kwenye saini nyingine. Wakili wa bibi harusi: Sarfraz Nawaz.

Hapo ndipo alipopigwa hasa. Siku ya harusi ni wakili anayekwenda chumba cha ndani kwa bibi harusi. Ni yeye anayebeba daftari, anayemsomea mwali masharti, anayeuliza mara tatu kama amekubali. Alimkumbuka Sarfraz, kijana wa miaka ishirini na minne, amechuchumaa mbele yake na wajomba wawili nyuma, anasoma mbiombio kama mtu anayekimbia mvua. Alisoma mahari. Alisoma majina ya mashahidi. Riffat alikuwa analia chini ya shela, lakini alisikia. Kifungu hicho hakukisoma.

Alimpigia pale pale. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo kama kawaida aliweka sauti ya nje, na Tufail akageukia ubao wa funguo akaanza kupanga funguo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Sarfraz alipokea kwa furaha. Alimwita Rifo, jina la utotoni, akauliza kama wamefika salama, kama Lahore ni kubwa alivyofikiri, na kama wameshakula samaki wa kukaanga, asithubutu kurudi bila kula samaki. Riffat alimwacha amalize.

"Kaka," alisema, "kifungu cha kumi na nane kiliandikwa nini?"

Mtu asiyejua angeuliza, kifungu cha kitu gani. Sarfraz hakuuliza. Nyuma yake ikasikika televisheni, kisha mtu akaizima.

"Nani amekuonyesha?" alisema.

Mpaka dakika hiyo Riffat alikuwa bado anamtafutia njia. Labda alisahau, labda naye hakusoma, labda baba alimficha. Kwa maneno mawili tu Sarfraz alizifunga njia zote hizo mwenyewe.

Kisha akaanza kusema, na aliposema alisema sana, kama mtu aliyejipanga miaka mingi na sasa anaogopa kukatizwa. Alisema baba alikuwa na mambo yake ya vitabuni, akaandika alichoandika, kisha akafa akamwachia yeye mzigo. Alisema wakati ule alikuwa na mabinti watatu ndani. "Nani angekuja kuposa kwangu, Rifo, shangazi yao amejiachisha mwenyewe na amekaa sebuleni? Ningekuweka wapi? Na tazama, mambo si yalitengenea? Mume ametulia. Una nyumba. Una wajukuu. Ningekuonyesha karatasi ile, haya yote ungeyapata wapi?"

"Mkono wangu ulikuwa umevunjika."

"Najua."

"Ulinifunga bendeji mwenyewe. Nikakuuliza kama kuna njia yoyote. Nilikuuliza siku arobaini, kaka."

Sarfraz alisema alifanya kwa mapenzi. Alisema Mungu ndiye anayejua nia. Alianza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa kile kile cha kituoni, Riffat alikijua, kinaanzia puani. Siku ile alimfuta machozi. Leo alikaa anakisikiliza kama kilio cha mtoto wa jirani, na alishangaa kwamba hakuna kitu ndani yake kinachonyanyuka kumwendea. Kisha akakata simu. Hakuwahi kumkatia simu kaka yake tangu simu zivumbuliwe.

Chini barabarani Boota alikuwa anapiga honi fupi fupi kuulizia kama awasubiri au aende. Tufail alichungulia dirishani akampungia mkono asubiri.

Manzoor alikuwa ameketi juu ya begi lake. Sijui alikaa lini. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya ndevu nyeupe, na mikono aliiweka juu ya magoti, viganja juu, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu. Naye alikuwa anahesabu. Alikuwa anarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, kila siku aliyotoka nyumbani amepiga kelele na kurejea jioni akakuta chakula kipo, na katika kila moja ya siku hizo sasa aliiona nyumba ikiwa tupu.

"Ina maana siku ile ya mkono," alisema polepole, "ungejua..."

"Ningekwenda."

"Na Naveed?"

"Na Naveed. Ningekwenda siku ile ile, na usingetuona tena."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana Manzoor alishindwa kumtazama. Hasira angeijibu. Miaka mingi amejua kuijibu hasira, zamani kwa mkono na siku hizi kwa machungwa. Alisema tu kwamba yeye hakujua, wallahi hakujua, na Riffat akamwambia anajua kwamba hakujua. Angelijua angekichana cheti mwaka ule ule, na wote wawili walilielewa hilo pia.

Riffat alimtazama mzee yule juu ya begi. Alijaribu kuona kama bado amemsamehe. Aligundua kitu kilichomtisha kuliko yote ya mchana ule: kwamba hajui. Alimsamehe kama mtu anavyoisamehe mvua, kwa kuwa hakuna mlango wa kuikimbia. Sasa kumbe mlango ulikuwepo muda wote, na ile miaka yote ya kusamehe ilikuwa imesimama juu ya uwongo wa mtu mwingine. Ilimbidi aanze upya, kuanzia juu ya kiti hiki cha plastiki, kuamua juu ya mume aliyekwisha kuzaa naye watoto watatu.

Tufail alikohoa. Alisema, kwa adabu yote, kwamba cheti kimetimia na chumba kipo, cha ghorofa ya juu, kina feni mbili. Kilichobaki ni kujaza kitabu cha wageni. Alikifungua mezani akamgeuzia Manzoor, kwa kuwa wanaume ndio wanaojaza, akampa kalamu.

Manzoor aliinuka kwa kushika meza. Aliandika jina lake, mahali anapotoka, namba ya kitambulisho. Aliandika jina la mkewe chini yake. Kisha akafika kwenye nafasi inayouliza uhusiano wa wageni, na kalamu ikasimama. Lilikuwa neno la herufi chache, na mchana kutwa alikuwa amelipigania kwenye gesti tatu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alisimama pale mpaka wino ukafanya doa. Halafu akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja akamuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni.

"Mama Naveed. Hapa niandike nini?"

Riffat alichukua mtandio akajifuta shingo. Alikunywa maji yaliyobaki, yote, akashusha bilauri.

"Andika mke," alisema. "Kesho asubuhi utaniuliza tena."

Manzoor aliinama, akaandika polepole, kila herufi peke yake.